Ukifika Dwarka: ushauri kwa mtu wa Likasi aliyeko India

Mtu wa Likasi akisema anakwenda India, hatuulizi anakwenda kutembea wapi. Tunauliza nani mgonjwa. Safari zetu za India kwa sehemu kubwa ni za hospitali: figo, moyo, mgongo, saratani. Wanaobaki ni vijana waliopata nafasi ya chuo, na wafanyabiashara wachache wa vipuri na dawa. Lakini kila aliyekwenda anajua pia kwamba India ina siku nyingi za kungoja. Unangoja majibu ya maabara, unangoja daktari akuone tena, mwanafunzi anangoja muhula ufunguliwe. Siku hizo ndizo ninazozizungumzia hapa.

Ukiwa jimbo la Gujarat, au hata Mumbai, na daktari amekuruhusu, nenda Dwarka. Ni mji mdogo ulioko kwenye ncha ya magharibi, pale India inapoishia na Bahari ya Uarabuni inapoanzia. Sikuambii utoke Likasi kwa ajili yake. Nauli ya ndege kutoka uwanja wa Luano, Lubumbashi, inauma, na makuta hayaokotwi. Nasema kwamba ukiwa umekwishafika nchi ile, ni aibu kurudi nyumbani huku ulichokiona ni dari ya hospitali tu.

Wahindu wana vituo vinne vikuu vya hija, kila kimoja katika pembe moja ya nchi yao: Badrinath kaskazini milimani, Puri mashariki, Rameswaram kusini na Dwarka magharibi. Kwa imani yao Dwarka ulikuwa mji wa Krishna. Adui alipowashambulia watu wake kule Mathura mara kwa mara, Krishna aliwahamishia pwani akawajengea mji, na alipoondoka duniani bahari ikaumeza. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa akiolojia wakiongozwa na S. R. Rao walizamia mbele ya mji wa leo, wakakuta nanga nyingi za mawe na mabaki ya kuta. Ni za enzi gani, wasomi bado wanabishana. Mwenyeji wako hatabishana. Atakuonyesha maji kwa kidole na kukuambia mji uko pale chini. Msikilize, mshukuru, basi.

Usidhani pia kwamba huko ni ugenini mtupu. Siku za Msiri kule Bunkeya, pembe za ndovu na shaba ya nchi hii vilibebwa kwa misafara hadi pwani na Unguja. Na Unguja forodha ya Sultani ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji, tajiri wa Kibhatia kutoka Kutch, ng'ambo ya ghuba kutoka Dwarka. Tippu Tip naye mtaji wake aliukopa kwa Taria Topan, mtu wa Kutch vilevile. Tena wazee wa Likasi wanakumbuka kwamba tarehe 3 Januari 1963, mji ukiitwa bado Jadotville, waliouingia wakiwa na kofia za Umoja wa Mataifa walikuwa askari wa India. Tumejuana na watu hawa zamani, ingawa siku hizi tunakutana nao dukani tu.

Sasa makaratasi, maana hapo ndipo safari huharibikia. Ubalozi wa India uko Kinshasa. Anayekwenda kutibiwa aombe viza ya matibabu, na msindikizaji wa mgonjwa aombe ya kwake ya usindikizaji; msiingie kwa viza ya utalii mkaanza kuhangaika mkiwa hospitalini. Mwenye viza ya zaidi ya siku 180, kama wanafunzi wengi, hutakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya wageni ndani ya siku 14 baada ya kufika. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuingia. Bila kadi hiyo, mtu anayetoka Kongo anaweza kufungiwa karantini hadi siku 6. Kadi ya kununua mlangoni bila kuchomwa sindano isikujie hata akilini.

Neno moja kwa watu wa machimbo. Ile simu ya setilaiti mnayoibeba porini kwa sababu mtandao haufiki, iacheni nyumbani. India inakataza kuwa nayo bila kibali, na wageni wamekamatwa uwanjani kwa ajili yake. Drone nayo usiibebe, hasa upande huu wa pwani unaotazamana na Pakistani. Kule Okha, karibu na Dwarka, kuna walinzi wa pwani. Ukiona boti za kijivu na watu wenye sare, kamera irudi mfukoni.

Kuhusu fedha, dola ziwe mpya na safi. Hilo hatuhitaji kufundishwa, sisi ambao kambisti wa kwetu hukataa noti kwa tundu la sindano. Badilisha katika mji mkubwa kabla ya kufika Dwarka. Kama jirani aliyetibiwa zamani amekupa rupia alizobaki nazo, zikague kwanza: noti za 500 na 1000 za aina ya zamani zilifutwa Novemba 2016, na za 2000 zilianza kuondolewa mwaka 2023. Wenyeji hulipia hata chai kwa simu, kwa hiyo muuza chai hana chenji. Kusanya noti ndogondogo mapema.

Njia si ngumu. Kutoka Likasi unashuka kilomita 120 hadi Lubumbashi, kisha wengi hupitia Addis Ababa hadi Mumbai. Kutoka Mumbai kuna treni iitwayo Saurashtra Mail inayokwenda hadi Okha na kusimama Dwarka. Ni safari ya usiku mzima na saa kadhaa za mchana, kwa hiyo chukua kitanda. Kwa aliyeko Rajkot, ambako wanafunzi wa Kiafrika ni wengi, ni kama kilomita 225, unafika siku hiyohiyo kwa basi au treni. Kutoka Ahmedabad ni takriban 440. Ukichagua majira, chagua Novemba hadi Februari. Mvua zao haziendi na zetu: sisi tukiwa katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, wao ndiyo wamelowa, na Juni 2023 kimbunga Biparjoy kiliipiga pwani hiyo vibaya. Mwezi wa Agosti au mwanzo wa Septemba kuna sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna. Mji hufurika. Mtu aliyetoka kupasuliwa asithubutu kwenda siku hizo.

Kitanda cha kulala kipatie ufumbuzi kabla hujaondoka. Sheria ya India inamtaka kila mwenye nyumba ya wageni aripoti mgeni wa nje kwa fomu maalumu ndani ya saa 24. Nyumba nyingi ndogo za mahujaji hazijajipanga kwa kazi hiyo, kwa hiyo ukitokea usiku na pasipoti ya Kongo utaambiwa hakuna nafasi, hata kama vyumba unaviona viko wazi. Usichukulie kuwa ni rangi yako tu, ingawa mara nyingine ni rangi. Piga simu mapema, uliza kwa maneno haya haya: mnapokea wageni wa nje? Kisha beba nakala za pasipoti na viza, mbili mbili.

Hekalu lenyewe linaitwa Dwarkadhish. Jengo la leo linahesabiwa kuwa la karne ya 15 na 16, baada ya lile la awali kubomolewa na majeshi ya Sultani Mahmud Begada. Lina ghorofa tano na nguzo 72 za mawe, na mnara unaouona ukiwa mbali sana. Juu ya mnara hupepea bendera kubwa ya pembe tatu yenye jua na mwezi, nayo hubadilishwa mara kadhaa kila siku. Hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka. Kila bendera mpya imenunuliwa na familia fulani iliyongoja zamu yake muda mrefu. Wanakuja nayo barabarani, ngoma inapigwa mbele, mama mmoja ameibeba kichwani imekunjwa kwenye sinia, watoto na mashangazi wanacheza nyuma yake hadi mlangoni. Halafu mtu anaukwea mnara, wote wanainua nyuso, ile ya zamani inashuka na mpya inafunguka kwa upepo wa bahari. Kelele zinazopigwa wakati ule utazielewa bila mkalimani. Kwangu hicho ndicho kitu cha kwanza cha kuona Dwarka, na hakihitaji kuingia ndani wala kulipa.

Wanaotaka kuingia wajue saa. Kwa kawaida hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa saba mchana, kisha saa kumi na moja jioni hadi kama saa tatu na nusu usiku. Kati ya hapo Mungu wao amepumzika na milango imefungwa, hata uje na barua ya gavana. Simu, kamera na vitu vya ngozi haviingii; kuna mahali pa kuviweka nje. Ngozi ni pamoja na mkanda, pochi na mkoba wa mama. Ndugu zangu wapenda suti, kile kiatu cha mamba kilichonunuliwa kwa mshahara wa miezi miwili kibaki hotelini, maana viatu vyote vinavuliwa na kuachwa mlangoni pamoja na mamia ya ndala. Vaa ndala nawe. Mchana mawe huchoma nyayo, basi beba soksi nene.

Mavazi hayatatusumbua. Mama aliyevaa libaya na kikwembe kamili amependeza kuliko watalii wengi, na atapigwa picha mpaka achoke. Baba avae suruali ndefu. Kaptura na mabega wazi, hapana. Kuna foleni ya wanawake na ya wanaume. Ndani watu wanasukumana, na una nafasi ya kutazama kwa dakika chache tu, sanamu ya jiwe jeusi iliyovikwa nguo na maua, kabla ya mlinzi kukusogeza mbele. Ukiona ghafla wote wamenyamaza au wameinua mikono, simama tuli. Toa na pokea kwa mkono wa kulia. Kwenye mlango unaotazama mto Gomti kuna ngazi 56 zinazoshuka majini. Wazee wetu wenye magoti mabovu wazihesabu kabla ya kushuka, kwa sababu watazipanda tena.

Huenda ukaulizwa mlangoni kama wewe ni Mhindu. Sema kweli. Kila hekalu lina taratibu zake kwa wageni wa dini nyingine na hubadilika. Ukiambiwa uandike jina, andika. Ukiambiwa hapa usipite, usipite. Usidai kwamba umetoka mbali. Ukutani mwa nje kuna mengi ya kutazama.

Hapo nafika kwenye swali ambalo watu wa Likasi huniuliza kwa sauti ya chini: Mkristo anaweza kuingia mle? Mji wetu umejaa makanisa, kila mtaa wa Kikula una maombi ya usiku, na wapo wachungaji watakaosema kwamba kukanyaga kizingiti kile ni kujiletea mapepo. Mimi si mchungaji. Najua kwamba Matendo ya Mitume inamwonyesha Paulo akitembea Athene akizitazama madhabahu za watu wale kwa makini kabla hajafungua kinywa. Kutazama si kuabudu. Lakini dhamiri ya mtu haisukumwi. Kama moyo wako unakataa, kaa kwenye ngazi za Gomti umngojee mwenzako, na usimharibie safari kwa kukemea pepo mlangoni. Nimesema mlangoni kwa makusudi. Maombi ya kukemea kwa sauti, trakti za injili mfukoni, kuhubiri foleni nzima: yote hayo yaache. Gujarat ina sheria kali juu ya kubadilisha watu dini, nawe huna viza ya umisionari.

Jambo gumu zaidi ni chakula kilichotolewa mbele ya sanamu. Utapewa kitamu kidogo, au jani la mrihani, au maji kiganjani, na hujaandaliwa namna ya kujibu. Amua kabla hujaingia. Ni suala lilelile Wakorintho walilomwandikia Paulo, na Wakristo wazuri hawajawahi kulijibu kwa sauti moja. Anayepokea apokee kwa mkono wa kulia, asitupe chini wala asikanyage. Asiyepokea aunganishe viganja viwili kifuani, ainamishe kichwa, atabasamu apite, hakuna atakayemfuata. Kibaya ni kupokea kwa uso wa kinyaa halafu kudondosha nyuma ya nguzo. Watu wanaona. Alama ya rangi kwenye paji la uso iko hivyohivyo. Msomaji Mwislamu naye atapima kwa dini yake; kule pwani atakuta Waislamu wengi, hasa wavuvi.

Watajitokeza watu watakaojitolea kukuongoza na kukusomea sala. Wengine ni makuhani wa ukoo, wengine ni vijana wa mjini wanaotafuta mkate. Uliza bei kabla ya neno la kwanza, na ukiambiwa toa chochote, taja wewe kiasi. Sala ikishasomwa majina ya mababu zako yakatajwa, huwezi kupatana bei tena.

Tumbo nalo lina habari zake. Dwarka ni mji wa mboga. Utakula thali, sinia lenye bakuli ndogondogo za dengu, viazi, mtindi na achari, na mkate wa uwele uitwao rotlo ambao mtu wa bukari ataupenda, kwa kuwa unashibisha kweli. Michopo hakuna, makayabu hakuna. Nyama ya ng'ombe usiitafute wala usiibebe mkobani ikiwa imekaushwa: kuingiza nyama hiyo India ni marufuku, na mwaka 2017 Gujarat iliongeza adhabu ya kuchinja ng'ombe hadi kifungo cha maisha. Pombe nayo imekatazwa Gujarat tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960. Mgeni anaweza kuomba kibali, lakini katika mji wa hija ni kujitafutia macho. Siku mbili bila bia ya Simba haziui mtu. Maji kunywa ya chupa iliyofungwa.

Maji yenyewe yana kisa Dwarka. Kilomita mbili hivi nje ya mji liko hekalu la Rukmini, mke wa Krishna. Wanasimulia kwamba mtawa mwenye hasira alimlaani, na ndiyo sababu ya nchi ile kukosa maji matamu. Kwa hiyo mahujaji hutoa sadaka ya maji ya kunywa. Mtu anayeamka saa tisa usiku kungoja bomba la Regideso litoe sauti ataielewa sadaka hiyo. Toa kidogo hapo kama una moyo.

Siku ya pili panda gari hadi Okha, kilomita 30 hivi, uvuke kwenda kisiwa cha Bet Dwarka. Zamani watu walibanana kwenye maboti. Tangu tarehe 25 Februari 2024 kuna daraja la nyaya, Sudarshan Setu, lenye urefu wa kama kilomita 2.3, na lina njia ya miguu pembeni. Njiani utapita Mithapur, mji wa kiwanda cha chumvi na magadi cha Tata. Mtoto wa Shituru atajihisi nyumbani: mabomba, vumbi jeupe, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari. Ni kampuni ileile inayochimba magadi ziwa Magadi, Kenya. Mwenye siku ya ziada ashuke Porbandar, kilomita 100 kusini, alikozaliwa Gandhi mwaka 1869. Jumba la kumbukumbu lililo kando ya nyumba alimozaliwa lilijengwa kwa fedha za Nanji Kalidas Mehta, aliyetajirika kwa pamba na sukari ya Uganda. Katika miji hii si ajabu mzee wa dukani akakuitikia kwa Kiswahili: wapo waliozaliwa Kampala au Mombasa, na wapo waliofukuzwa na Amin mwaka 1972. Jaribu kusalimu. Kifaransa chako hakitakusaidia kitu.

Utatazamwa. Watoto watakufuata, familia zitaomba picha. Kubali ukitaka, kataa kwa upole ukichoka. Gujarat ina jamii ya Masidi, wenye asili ya Afrika, waliokaa huko karne nyingi, na wengine watadhani wewe ni mmoja wao. Lakini nisifiche: Mei 2016 Mkongomani mwenzetu aliuawa Delhi kwa ugomvi wa riksho, na Kinshasa watu wakayapiga mawe maduka ya Wahindi. Ugomvi wa riksho usiku uache hata ukiwa na haki. Panda nyingine. Usijadili siasa za dini. Ukisikia wenyeji wakizijadili, agiza chai. Baharini usiogelee, mkondo pale Gomti inapoingia ni mkali.

Aliyelazwa Chennai asihangaike na Dwarka. Kwake iko Rameswaram, treni ya usiku mmoja, yenye hekalu maarufu kwa korido ndefu za nguzo ambazo mgeni huruhusiwa kuzitembea hata asipofika patakatifu. Puri je? Asiye Mhindu haingii kabisa katika hekalu lake kuu.

Lala Dwarka usiku mbili; wa tatu hauna kazi. Ukirudi, ganda la bahari na matumbawe usiyafunge mkobani, mengi yanalindwa kisheria na forodha watayachukua. Na kadi ya homa ya manjano usiitupe baada ya kuingia India. Luano wataiomba tena.